Asilimia sitini dhidi ya nani? Jinsi nguvu ya deki inavyopimwa

Katika michezo ya kadi kama Magic, mabishano kuhusu deki ipi ni kali, yaani seti ya kadi ambayo mchezaji anaileta mezani, mara nyingi huwa ni ya watu wawili wanaojibu maswali tofauti. Mmoja anasema Tron ni deki mbovu kwa sababu deki nyingine, Burn, inaimaliza kabla haijaanza kufanya lolote la maana. Mwenzake anajibu kuwa Tron ilitwaa ubingwa wa Magic kule Barcelona mwaka 2019. Wote wanasema kweli, na hakuna aliyemjibu mwenzake. Wa kwanza anazungumzia pambano moja, yaani deki mbili zikikutana ana kwa ana. Wa pili anazungumzia matokeo mbele ya deki zote zilizokuwa ukumbini siku hiyo. Lipo na jambo la tatu linalopotea katikati yao: deki hiyo inaweza kufanya nini pale ambapo hakuna anayeisumbua.

Mambo haya matatu yana vipimo vyake, na namba ya kimoja haihamishwi kwenda kwa kingine. Hapa neno gemu lina maana ya mchezo mmoja, mechi ni gemu mbili kati ya tatu, na meta ni mgawanyo wa deki ambazo watu wanazileta mashindanoni kwa wakati fulani. Mifano mingi inatoka katika Magic: The Gathering, Pokémon na Yu-Gi-Oh!, kwa kuwa kanuni zake zinatofautiana vya kutosha kuonyesha kwamba jibu sahihi katika mchezo mmoja linaweza kuwa kosa katika mwingine.

Deki ikiwa peke yake

Kipimo cha kwanza ni rahisi, na hata hivyo wengi hukiruka. Changanya deki, vuta mkono wa kuanzia, cheza bila mpinzani, kisha andika ni zamu ya ngapi ulipofikia hatua ya kushinda. Rudia mara 30. Usiandike wastani tu; andika pia ni mikono mingapi haikufanya kitu kabisa, maana deki inayoshinda zamu ya tatu mara moja na kukwama mara mbili ni tofauti sana na ile inayoshinda zamu ya tano kila siku.

Kabla hata ya kuchanganya kadi, hesabu za uwezekano zinakwambia mengi. Magic inaruhusu nakala 4 za kadi moja katika deki ya 60, ukiacha ardhi za msingi (ardhi ni kadi zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia kadi nyingine), na mkono wa kuanzia una kadi 7. Uwezekano wa kuwa na angalau nakala moja kati ya 4 katika mkono huo ni karibu asilimia 40. Kwa hiyo mtu anayeeleza deki yake kwa maneno "zamu ya kwanza naweka hii, zamu ya pili ile" anaeleza mkono ambao mara nyingi zaidi hautakuja. Deki ya kadi 60 yenye ardhi 24 hupata ardhi moja au sifuri katika kadi 7 za mwanzo mara 14 kati ya 100. Hiyo ni sehemu ya nguvu ya deki sawa na kadi zake bora.

Katika Yu-Gi-Oh! kikomo ni nakala 3, deki kuu ni kadi 40 hadi 60, na mkono wa kuanzia ni kadi 5. Kwa kadi 40, nafasi ya kuiona nakala moja kati ya tatu ni asilimia 33.8. Kwa kadi 60 inashuka hadi 23.3. Anayeongeza kadi 20 kwa sababu "zote ni nzuri" amejipunguzia karibu theluthi ya nafasi ya kuiona kadi anayoitegemea zaidi. Zipo deki zinazonufaika na wingi huo, hasa zile zinazotaka baadhi ya kadi zibaki ndani ya deki zisije mkononi, lakini sababu lazima iwe ya namna hiyo.

Mwisho wa kipimo hiki ni hapo. Hakisemi lolote kuhusu mpinzani.

Pambano linatengenezwa na nini

Watu husema pambano ni "zuri" au "baya" kana kwamba ni tabia ya hewa. Ukilifungua, karibu kila mara utakuta vitu vitatu: kasi, kadi mfu, na nani analazimika kushambulia.

Tuanze na kasi. Burn ni deki ya Magic inayojaribu kuumaliza uhai 20 wa mpinzani kwa kadi za moja kwa moja. Lightning Bolt hugharimu mana moja na kupunguza uhai 3, kwa hiyo kadi saba za aina hiyo zinatosha, maana 7 mara 3 ni 21. Lakini mpinzani mwenye deki ya rangi tatu za mana mara nyingi hujiumiza mwenyewe ili ardhi zake zitoe rangi anazozihitaji: uhai 1 kutafuta ardhi, uhai 2 kuiingiza ikiwa tayari kutumika. Akijipunguzia 5 kwa njia hiyo, Burn inahitaji kadi 5 badala ya 7. Kadi mbili pungufu ni takriban zamu mbili za kuvuta. Ndiyo maana kuuliza "Burn inaua zamu ya ngapi?" bila kumtaja mpinzani ni swali nusu. Deki hiyo hiyo, orodha hiyo hiyo, ina kasi tofauti kwa kila anayekaa mbele yake.

Kadi mfu ni kadi isiyo na kazi katika pambano hilo. Hapa pambano la Jund na Tron linafundisha kuliko jingine lolote. Jund hushinda kwa kubadilishana kadi: inaua kiumbe chako, inakutoa kadi mkononi, kisha inabaki na kiumbe chake mezani. Tron haina viumbe vya mapema vya kuua. Inakusanya ardhi tatu, Urza's Mine, Urza's Power Plant na Urza's Tower, ambazo zikiwa pamoja hutoa 2, 2 na 3, jumla mana 7 kuanzia zamu ya tatu. Mana 7 ndiyo bei ya Karn Liberated, kadi inayoondoa chochote kilicho mezani na kuendelea kuishi. Sasa hesabu: kama Jund ina kadi 10 za kuua viumbe vidogo, basi katika kadi 12 za kwanza itakazoziona inatarajia kushika 2 zisizo na kazi. Inapigana ikiwa na kadi kumi dhidi ya kumi na mbili, na hizo kumi hazigusi ardhi. Hakuna uhodari wa mchezaji unaozirudisha hizo mbili.

Burn dhidi ya Tron ni kinyume. Kila kadi ya Burn ina kazi, kwa sababu uhai wa mpinzani upo daima. Kadi za mana 6 na 7 za Tron ndizo zinazokaa mkononi zikisubiri. Hivyo Tron inaibwaga Jund, Burn inaibwaga Tron, na Jund, yenye kadi za bei ndogo zinazoua viumbe na kunyang'anya kadi mkononi, ina njia za kupambana na Burn ambazo Tron haina. Mduara huo hautokani na deki moja kuwa "bora". Unatokana na kadi zipi zina kazi dhidi ya zipi.

Jambo la tatu ndilo linalopoteza gemu nyingi zaidi, na halionekani kwenye orodha ya kadi. Katika kila pambano, mmoja analazimika kushambulia kwa sababu gemu ikiwa ndefu atashindwa, na mwingine anatakiwa kujilinda kwa sababu muda uko upande wake. Deki haina nafasi moja ya kudumu. Deki ya kati, isiyo ya haraka sana wala ya gemu ndefu sana, ikikutana na deki ya kasi inapaswa kujilinda. Ikikutana na deki ya udhibiti yenye kadi nyingi za gemu ndefu, inapaswa kushambulia. Makosa makubwa hutokea deki zinapofanana. Wachezaji wawili wenye viumbe vya ukubwa mmoja hukaa wakisubiriana, kumbe mmoja wao ana kadi nne za mana 6 na mwenzake hana hata moja. Yule asiye nazo anapoteza kila zamu anayoipitisha bila kushambulia, hata kama meza inaonekana sawa. Mtu akikwambia pambano fulani ni 40 kwa 60, muulize kwanza alikuwa anacheza nafasi ipi. Kuna mapambano "mabaya" mengi ambayo ubaya wake ni kukosea nafasi.

Pokémon ina kitu cha nne kinachoweza kuyafunika hayo yote: udhaifu wa aina. Pokémon mwenye udhaifu hupata madhara mara mbili. Mew VMAX alikuwa na HP (uhai) 310 na udhaifu wa aina ya Giza, na akiangushwa mpinzani huchukua kadi 3 za zawadi kati ya 6 anazohitaji ili ashinde. Drapion V, wa aina ya Giza, ana shambulizi la 190, ambalo kwa Mew VMAX linakuwa 380. Zaidi ya hapo, uwezo wake hupunguza gharama ya shambulizi kulingana na idadi ya Pokémon wa mitindo fulani ambao mpinzani anao mezani, na Mew alikuwa wa mtindo mmojawapo. Kadi moja, ikiwekwa kwenye deki isiyohusiana kabisa na aina ya Giza, ililigeuza pambano zima.

Mchezo wa Pokémon hauna kadi za akiba za kuingizwa kati ya gemu, kwa hiyo kadi ya namna hiyo lazima iwe ndani ya zile 60 na ikae hapo hata unapokutana na deki ambazo haiwezi kuzifanya kitu. Tena kadi 6 kati ya 60 hutengwa kama zawadi mwanzoni mwa gemu, hivyo nakala moja ina nafasi ya asilimia 10 ya kufungiwa humo. Anayesema "nina Drapion, Mew si tatizo" asisahau gemu hiyo moja kati ya kumi.

Gemu ya kwanza na zile zinazofuata

Hapa ndipo namba nyingi za mapambano zinapoharibika. Magic na Yu-Gi-Oh! huruhusu hadi kadi 15 za akiba ambazo mchezaji huingiza baada ya gemu ya kwanza, kama kocha anavyoingiza wachezaji kutoka benchi. Kwa deki mbili zenye nguvu sawa, mechi ina gemu 2.5 kwa wastani: ya kwanza, ya pili, na ya tatu nusu ya wakati. Maana yake gemu 1.5 kati ya 2.5, yaani asilimia 60, huchezwa baada ya akiba kuingia. Halafu watu hufanya mazoezi ya gemu ya kwanza tu, kwa kuwa ni haraka na haihitaji kupanga upya, na wanatangaza matokeo yake kuwa ndiyo pambano.

Chukua pambano ambalo gemu ya kwanza unashinda asilimia 35, lakini akiba yako inalifikisha 55 katika gemu ya pili na ya tatu. Uwezekano wa kushinda mechi unajumlisha njia tatu: kushinda ya kwanza na ya pili, kushinda ya kwanza na ya tatu, au kushindwa ya kwanza kisha kushinda mbili. Jumla ni asilimia 47.6. Pambano ambalo mtu angeliita la kukimbia limekuwa karibu sawa kwa sawa. Geuza upande: deki inayong'ara kwa 65 katika gemu ya kwanza lakini ikashuka hadi 45 baadaye inaambulia 52.4 tu. Deki zinazotegemea kaburi, yaani rundo la kadi zilizokwisha kutumika au kutupwa, au mchanganyiko mmoja wa kadi mbili, mara nyingi huwa za aina hii. Gemu ya kwanza zinaonekana hazishindiki.

Kadi za akiba nazo husifiwa kupita kipimo. Ukiweka nakala 3 za kadi inayoliua kabisa pambano, uwezekano wa kuiona kufikia zamu ya tatu ukiwa wa pili kuanza, baada ya kadi 10, ni asilimia 42.7. Kwa nakala 4 ni 52.8. Tuseme ukiiona unashinda mara 80 kati ya 100, na usipoiona unashinda 30. Kwa nakala tatu unapata takriban 51. Hiyo ni nafuu kubwa kutoka 30, lakini haifanani na "nina kadi ya kuwamaliza".

Yaliyotokea mwaka 2019 katika Modern, mmojawapo wa mifumo ya mashindano ya Magic, yanaonyesha mpaka wa akiba. Hogaak, Arisen Necropolis alitoka mwezi Juni ndani ya seti ya kadi ya Modern Horizons: kiumbe cha 8/8 (nguvu 8 na ustahimilivu 8) ambacho hakilipiwi kwa mana bali kwa viumbe vingine na kadi zilizoko kaburini, na kinaweza kuchezwa kutoka kaburini humo humo. Julai, Bridge from Below, kadi nyingine ya deki hiyo, ilipigwa marufuku kwa matumaini kwamba deki itapoa. Haikupoa, kwa sababu injini ilikuwa Hogaak mwenyewe. Wachezaji waliacha mpango wa kombo (kadi chache zinazomaliza gemu zikikutana) wakashambulia kwa kiumbe hicho. Wapinzani walifikia kuweka Leyline of the Void hadi kwenye deki kuu. Hiyo ni kadi inayoanza gemu ikiwa mezani kama iko mkononi mwanzoni, na inazuia kadi za mpinzani kuingia kaburini. Ukiwa na nakala 4, ni asilimia 40 kuwa nayo katika kadi saba za kwanza. Kanuni ya kubadilisha mkono iliyoanza mwaka huo huo hukuruhusu kuvuta saba nyingine na kurudisha moja chini ya deki, kwa hiyo ukiukataa mkono wa kwanza usio nayo, nafasi inapanda hadi 64. Hata baada ya kujitoa hivyo, zaidi ya mara moja kati ya tatu unaanza bila kinga na ukiwa na kadi pungufu. Agosti, Hogaak alipigwa marufuku.

Katika kuingiza akiba, kosa la kawaida ni kuanza na kadi zinazoingia. Anza na zinazotoka. Hesabu kadi mfu za pambano hilo. Kama ni 5, una nafasi 5. Mtu anayeingiza kadi 9 dhidi ya deki anayoiogopa mara nyingi huwa ametoa 4 zilizokuwa zinamfanya ashinde, na anabaki na deki iliyojaa majibu isiyoweza kumaliza gemu. Na panga tofauti kwa kuanza na kwa kuwa wa pili. Katika Yu-Gi-Oh! tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa kuwa anayeanza hujenga meza yake kamili kabla mwenzake hajafanya lolote.

Hapo kuna hesabu moja ambayo hukosewa mara kwa mara. Tangu 2014 anayeanza havuti kadi katika zamu yake ya kwanza, na wa pili hufikisha kadi sita akianza zamu yake. Kadi za kuzuia kutoka mkononi, kama Ash Blossom & Joyous Spring, zinatakiwa wakati wa zamu ya mpinzani, yaani ukiwa bado na kadi tano. Deki ya kadi 40 yenye vizuizi 12 ina asilimia 85 ya kushika angalau kimoja na 47.7 ya kushika viwili au zaidi. Deki nyingi kali hupenya kizuizi kimoja. Kwa hiyo namba inayoamua pambano ni hiyo ya pili, na iko chini ya nusu. Kadi za kuvunja meza, ambazo hutumika katika zamu yako, ndizo zinazohesabiwa kwa kadi sita: nakala 3 hukupa asilimia 39.4 ya kuona moja.

Deki mbele ya meta

Ukishakuwa na namba za mapambano zinazoaminika, nguvu ya deki katika mashindano ni jumla ya kila pambano ikizidishwa kwa ukubwa wa sehemu ya mpinzani huyo. Tuseme meta ina deki za kasi asilimia 35, za kati 30, za udhibiti 20 na za kombo 15. Deki ya kwanza inashinda 45 dhidi ya kasi, 60 dhidi ya kati, 65 dhidi ya udhibiti na 40 dhidi ya kombo. Jumla yake ni 52.75. Deki ya pili inashinda 58, 50, 45 na 52 kwa mpangilio huo huo, jumla 52.1. Kwa mtazamo huo ya kwanza iko mbele kidogo.

Sasa meta isogee: kasi 45, kati 20, udhibiti 15, kombo 20. Deki ya kwanza inashuka hadi 50 kamili, ya pili inapanda hadi 53.25. Hakuna kadi iliyobadilika. Anayesema "deki hii imekufa" na anayesema "deki hii ipo palepale" wote wanaweza kuwa sahihi, ikiwa mmoja anazungumzia wiki hii na mwingine anazungumzia orodha.

Lipo tokeo moja la hesabu hii ambalo huwashangaza hata wachezaji wazoefu. Chukua deki tatu za mduara: A inaipiga B kwa 70, B inaipiga C kwa 60, C inaipiga A kwa 60. Ipi itakuwa nyingi ukumbini watu wote wakichagua kwa akili? Wengi hujibu A, kwa sababu ndiyo yenye ushindi mkubwa. Jibu ni C, kwa asilimia 50, huku A na B zikibaki na 25 kila moja. Katika mgawanyo huo kila deki inashinda 50 hasa, hivyo hakuna faida ya kuhama. Sababu ni kwamba ukali wa A dhidi ya B unawafukuza watu kutoka B, na B ndiyo iliyokuwa inaizuia C. Kwa maneno mengine, pambano zuri kupita kiasi linamneemesha adui yako. Hii ndiyo sababu deki iliyokaa kimya miezi mingi huibuka pale adui wa adui yake anapopata kadi mpya.

Ushahidi unaoletwa mezani

"Nimecheza gemu 20 nikashinda 13" ni kauli ya kawaida, na inasikika kama asilimia 65. Sarafu isiyo na upendeleo hutoa 13 au zaidi katika marusho 20 mara 13 kati ya 100. Kanuni ya haraka ya kukadiria: gawa 100 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya gemu, na hiyo ndiyo pointi za kukosea kila upande. Gemu 25 zinakupa 20 juu na 20 chini. Gemu 100 zinakupa 10. Kutenganisha pambano la 50 na la 55 kunahitaji takriban gemu 400, na hakuna anayezicheza hizo kwa pambano moja kabla ya kadi mpya kutoka. Kwa hiyo watu wawili wanaobishana kama ni 52 au 56 hawana wanachobishania. Data walizonazo haziwezi kuona tofauti hiyo. Wanachoweza kujua kwa gemu chache ni kwa nini gemu zilipotea, na hilo lina thamani kubwa zaidi.

Ushindi wa mashindano mamoja pia ni ushahidi mwepesi. Mchezaji mwenye asilimia 60 katika kila mechi, ambayo ni namba ya juu sana, ataibuka na ushindi 7 au 8 katika raundi 8 mara moja tu kati ya kumi. Mwenye 50 ataupata huo huo mara 3 au 4 kati ya 100, na ukumbi wenye watu 300 una wengi wa namna hiyo. Angalia sehemu ya deki mwanzoni ikilinganishwa na sehemu yake mwishoni. Deki iliyoletwa na asilimia 30 ya watu ikaingiza mbili katika nane bora imefanya chini ya uzito wake, hata kama picha za washindi zinaipendelea.

Hata nane bora zenyewe zina mtego. Katika Pro Tour, mashindano makubwa ya Magic, ya Atlanta ya Februari 2016, deki sita kati ya nane zilikuwa za viumbe wa Eldrazi, na katika mfumo wa Modern hilo lilikuwa jambo la kutisha kweli. Eye of Ugin, ardhi iliyozitegemeza deki hizo, ilipigwa marufuku Aprili. Lakini raundi za mashindano ya aina hiyo huchanganya deki za kuandaa nyumbani na deki zinazojengwa pale pale kwa pakiti mpya, hivyo aliyefika nane bora huenda alibebwa na sehemu ya pili. Kwa Eldrazi wimbi lilikuwa kubwa mno kiasi kwamba tahadhari hiyo haikubadilisha hukumu. Kwa deki yenye mtu mmoja katika nane bora, inaibadilisha.

Mtego wa mwisho ni deki kukutana na pacha wake. Deki ikiwa asilimia 40 ya meta, takriban gemu 40 kati ya 100 inazocheza ni dhidi ya yenyewe, na hizo kwa lazima ni 50. Ikionyesha jumla ya 54, toa hizo: 54 toa 20 ni 34, gawa kwa 0.6, unapata karibu 56.7 dhidi ya wengine wote. Deki maarufu huonekana za wastani kuliko zilivyo. Wanaodai kwamba "54 si kitu cha kupiga marufuku" mara nyingi hawajaiondoa sehemu hiyo.

Kupima pambano kwa gemu chache

Andikeni orodha zote mbili kikamilifu, pamoja na akiba, na msizibadilishe katikati. Ukibadilisha kadi tatu umeanza kipimo kipya. Chezeni gemu 8 za kwanza bila akiba na 12 zenye akiba, kila upande ukianza nusu yake. Nusu ya njia, badilishaneni deki. Asilimia ikihama pamoja na mtu, tatizo ni uchezaji. Ikibaki na deki, ni pambano.

Baada ya kila gemu aliyeshindwa aandike jambo moja lililoamua: mkono mbovu, kadi mfu (zihesabiwe), nafasi iliyokosewa, kadi moja ya mpinzani isiyo na jibu, au saa. Saa isidharauliwe. Katika mashindano ya Magic mechi hupewa dakika 50, sare ni pointi 1 na ushindi ni pointi 3, kwa hiyo deki ya udhibiti inayoshinda gemu zake dakika ya 35 inahitaji kupimwa ikiwa na saa mezani. Kurudisha kosa kuruhusiwe kwa wote au kukatazwe kwa wote, na iandikwe ilikuwaje.

Mwisho wa gemu 20 utakuwa na asilimia isiyoaminika na orodha ya sababu inayoaminika. Kama hasara 7 kati ya 9 zinasema kadi mfu, toa kadi hizo au kubali pambano na utafute pointi kwingine. Kama zinasema kadi moja ya mpinzani, hesabu nakala zake na zamu anayoifikia kabla ya kutumia nafasi za akiba. Kama zinasema mkono mbovu, hilo si la pambano hili peke yake: rudi kwenye ile mikono 30 ya kucheza bila mpinzani, uanze na idadi ya ardhi.